Bosi nae ana kocha, mnacheka nini?

Nikisema kuna watu kazi yao ni kuwa kocha wa mameneja na wakurugenzi, barazani wananicheka, ati bosi mzima anafundishwa kazi na nani tena. Jamani, hafundishwi kazi. Wala kocha si yule mshauri anokuja na ripoti nene akakwambia fanya hivi fanya vile, huyu anakaa na wewe anakuuliza, na maswali mengine yanachoma kwelikweli.

Bill Campbell, alofariki 2016, kwanza alikuwa kocha wa futiboli ya Kimarekani chuo kikuu cha Columbia, baadae akawa ndo kocha wa kina Steve Jobs wa Apple na Eric Schmidt wa Google. Sasa hao walikuwa hawajui kazi?

Huku kwetu Zanzibar mie naona wanohitaji zaidi ni mameneja wa mahoteli, Nungwi, Paje, kote huko. Mtu kaanza mapokezi, kapanda mpaka juu, kazi anaijua nje ndani, lakini kumwambia mpishi mkuu ukweli bila ya kugombana hawezi, na wa kumuuliza hana, maana akimuuliza mwenye hoteli ataonekana kashindwa, akiwauliza wa chini yake ndo basi tena, kesho maneno yashafika sokoni Darajani.

Ila makubaliano yawekwe mapema. Kampuni inalipa, sawa, inaweza kujua malengo ni yepi, lakini yanosemwa mle ndani ni siri ya meneja na kocha wake. Mkurugenzi akitaka aletewe kila neno, huyo hatafuti kocha, anatafuta mpelelezi.