Kutoka Jodenbreestraat hadi London, kumtazama mwanamke aliyelala

Mchoro wenyewe uko London, lakini safari niliianzia Amsterdam, Jodenbreestraat namba 4. Nyumba hiyo, ambayo sasa ni makumbusho, mchoraji Rembrandt aliinunua mwaka 1639, akaishi humo hadi 1658, miaka miwili baada ya kufilisika. Mchoro wake wa wino wa mwanamke aliyelala unakadiriwa kuwa wa mwaka 1654 hivi, kwa hiyo ni wa enzi za nyumba hii. Panda moja kwa moja hadi chumba chake cha kazi: madirisha makubwa yanatazama kaskazini, jua haliingii moja kwa moja, na vivuli havirukiruki kutwa nzima. Chini huko utakuta chapa zake nyingi zilizotolewa kwenye sahani za shaba. Ni kazi nzuri, ila usizichanganye na michoro. Chapa moja ina ndugu zake wengi duniani; mchoro wa wino uko mmoja tu.

Treni ya moja kwa moja kutoka Amsterdam Centraal hadi kituo cha St Pancras, London, huchukua kama saa nne. Wenye pasi zetu za Afrika Mashariki wajue kwamba viza ya Schengen, inayokuingiza Uholanzi, haikuingizi Uingereza. Hiyo ni viza nyingine, na pasi hukaguliwa kabla hujapanda. Aliye na viza ya Schengen ya kuingia mara moja, akishavuka kwenda London, asitarajie kurudi Uholanzi nayo.

Kutoka St Pancras hadi British Museum ni mwendo wa miguu wa dakika ishirini na kitu, kupitia Russell Square. Ingia kwa mlango wa kaskazini, Montague Place, ulio karibu zaidi na chumba namba 90, ukumbi wa maonyesho wa idara ya michoro na chapa, na chumba cha kusomea cha idara hiyo. Kiingilio ni bure.

Hapa ndipo wengi hukwama: wanazunguka kumbi zote wakiutafuta mchoro ukutani, wala haupo. Mwanga hudhuru karatasi na rangi, na madhara yake hayarudi nyuma. Ndiyo maana michoro ya aina hii huonyeshwa kwa miezi michache tu, kwenye mwanga hafifu wa lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga), kisha hurudishwa gizani ndani ya kasha. Dawa yake ni kuomba miadi ya chumba cha kusomea mapema, ukitaja namba ya usajili: 1895,0915.1279. Ukiandika tu “michoro ya Rembrandt” unawapa watu kazi ya kukisia. Uliza pia kama haujaazimwa kwenye maonyesho ya mahali pengine.

Chukua kitambulisho chenye picha. Begi na kalamu ya wino havitakiwi mezani, penseli inatosha. Nawa mikono, ikauke kabisa. Karatasi imefungwa kwenye fremu ya kadibodi, nawe unashika kingo za kadibodi kwa mikono miwili. Usiongee umeinamia mchoro, kwani mate madogo usiyoyaona hutua juu yake. Ukitaka kuona upande wa nyuma, mwombe mhudumu.

Ukubwa ni milimita 246 kwa 203. Ukiwa umezoea picha za kitabuni utashangaa mambo mawili: udogo huo, na jinsi rangi ilivyo ya kahawia. Uchapaji wa kitabu mara nyingi huongeza ukali, karatasi ikawa nyeupe pe na wino ukawa kama masizi. Hapo ndipo uhondo wote unapopotea, kwa sababu mchoro huu umefanywa kwa brashi, na maana yake iko katika kukauka kwa brashi hiyo.

Fuata mchirizi mmoja wa gauni. Unapoanzia wino ni mzito na una maji. Unapoishia brashi imekauka, na karatasi inachungulia katikati ya alama za nywele za brashi. Basi unajua mkono ulitoka wapi ukaenda wapi. Michirizi ya gauni ni mipana na ya haraka. Usoni ncha ya brashi imegusa kidogo tu, vistari vichache vya jicho lililofumba, pua na mdomo. Kichwa kimelazwa juu ya mkono. Juu, nyuma yake, kuna wino uliozimuliwa na kusambazwa kwa brashi pana, nao ndio unaomtenga na giza la chumba. Mahali pachache pana rangi nyeupe nzito. Sehemu kubwa ya mwili, kwa kweli, ni karatasi tupu. Jicho lako ndilo linaloijaza.

Husemwa kwamba mwanamke huyu ni Hendrickje Stoffels, mwenzi wa Rembrandt, ila jina lake halikuandikwa hapo. Anatajwa kwa sababu ya mwaka na sura: aliishi katika nyumba ile tangu mwishoni mwa miaka ya 1640, na mwaka huo wa 1654 baraza la kanisa lilimwita kwa kuishi na Rembrandt bila ndoa. Mwezi Oktoba mtoto wao Cornelia alibatizwa. Mimi naliona jina hilo linakubalika, lakini mchoro haulitegemei.

Rangi ya kahawia peke yake isikudanganye kuhusu aina ya wino. Wino wa masizi ya kuni ni wa kahawia tangu siku ya kwanza. Wino wa chuma huanza mweusi, kisha hugeuka kahawia kwa miaka. Kanuni yake ya zamani ni sehemu 3 za vinundu vinavyoota kwenye mti wa mwaloni, 2 za salfeti ya chuma, 1 ya gundi ya mgunga, na 30 za maji. Salfeti ikizidi, wino hula karatasi: kwanza kivuli cha kahawia huzunguka mstari, halafu mstari unapasuka.

Jioni, nje ya makumbusho, jaribu kunakili. Vikombe vitatu: wino mtupu, wino mmoja kwa maji matatu, mmoja kwa maji kumi. Tumia brashi ya nywele za mnyama yenye ncha, uifute kwenye kitambaa kabla ya kila mchirizi mkavu. Anza na wino mwepesi. Michirizi ikivimba na kusambaa kama mizizi, karatasi haina gundi ya kutosha ya kuzuia wino usizame, badilisha karatasi. Ikikatika ovyo tangu mwanzo, karatasi ina uso wa kukwaruza mno. Na ukirudia mchirizi kabla haujakauka, utapata dimbwi lenye ukingo mweusi, lisilorekebishika. Anza karatasi nyingine.