Logi ndiyo inayowaangusha wengi kwenye HDI

Mnaokokotoa HDI (kielezo cha maendeleo ya binadamu: pato, umri wa kuishi na elimu) kwa mkono, pato msiligawe kavukavu, lipitisheni kwanza kwenye logi (logarithm). Chukua nchi yenye pato la dola 2,500 kwa mtu, za PPP (zilizorekebishwa kulingana na bei za kila nchi, si zile za bureau de change!). Kiwango cha chini ni 100, cha juu 75,000. Toa cha chini, kisha gawa kwa tofauti ya cha juu na cha chini: bila logi unapata 0.032, nchi nzima inaonekana imekufa. Kwa logi ya kila namba ni 0.486.

Umri wa kuishi miaka 66: toa 20, gawa kwa 65, ni 0.708. Elimu rahisi: miaka ya shule anayotarajiwa kusoma mtoto 9/18, na miaka waliyosoma watu wazima kwa wastani 6/15; wastani wa hizo mbili 0.45.

Sasa zidisha zote tatu, tafuta kipeuo cha tatu: 0.537. Kujumlisha na kugawa kwa tatu kuliachwa 2010, kwa sababu pato nono lilikuwa linafunika shule mbovu.