Kumbe mimi ni pitta

Nilimsindikiza mama mkubwa kutibiwa Kochi, jimbo la Kerala, India, nikajipenyeza kwa daktari wa Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi. Kanishika mkono kusikiliza mapigo, katazama ulimi, kisha maswali: ukiwa na njaa unakuwa mkali? Jua unalistahimili? Akasema, wewe ni pitta.

Kwao kila mtu huzaliwa na mchanganyiko wake: vata (upepo na anga), pitta (moto na maji), kapha (maji na udongo). Mwembamba asiyetulia, ngozi kavu, huyo vata. Mwenye umbo kubwa na mtulivu ni kapha. Sisi wa pitta tunatoka jasho na njaa hatuiwezi. Nikajiuliza huyu kanijuaje!

Akanikataza pilipili na vitu vichachu (kuiacha achari ya embe kumeniuma sana), akanisisitizia matango, nazi na giligilani. Kiungulia kimetulia kweli, ingawa nadhani yeyote akiacha pilipili atapata nafuu, pitta asiwe pitta. Bibi zetu wa pwani nao hugawa vyakula vya moto na vya baridi, kwa hiyo sikuona ugeni. Dawa zake za unga ndizo sikuchukua: baadhi ya dawa za Ayurveda zimewahi kupimwa zikakutwa na madini ya risasi na zebaki.