Nati ikigoma usiivamie

Juzi nimeshinda chini ya gari kisa nati moja tu ya paipu ya breki, imeshika kutu mpaka huoni nati inaishia wapi paipu inaanzia wapi. Kosa langu nilianza na spana ya mdomo ya kawaida, ile inabana pande mbili tu basi ikateleza pembe zikaanza kulika, kwa nati hizi tafuta spana ya ringi iliyokatwa mwanya wa kupitisha paipu, inashika pande tano kati ya sita.

Nikatulia. Nikasugua kwa brashi ya waya, nikapulizia oili ya kupenya nikaiacha usiku kucha maana dakika tano hazitoshi kabisa, asubuhi nikaigongagonga kwa kinyundo ili kutu ipasuke. Halafu unakaza kidogo kwanza ndo unalegeza, nenda rudi nenda rudi, ukilazimisha upande mmoja unasokota paipu yote. Moto unasaidia kwenye bolti kubwa ila hapa sikuthubutu, oili ya breki inawaka jamani, na hozi ya mpira iko palepale. Mwishowe ikalia kwiii, ikaachia.