Kitulo, mwezi wa pili

Chimala, mkoani Mbeya, palikuwa na joto la kuvua koti. Noah ya abiria ilipojaa, tukaanza kuukwea mlima kwa ile barabara ambayo wenyeji huiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Kona za mwanzo nilikuwa nafuta jasho. Za mwisho natafuta sweta begini, na bonde la Usangu limebaki chini kabisa kama mkeka ulioanikwa.

Nililala Matamba, asubuhi tukaingia hifadhini na kijana mwenyeji anayeongoza wageni. Kitulo iko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Haina simba wala tembo. Ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa sababu ya mimea yake, na ndiyo ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika ya kitropiki. Watu wa huku huiita Bustani ya Mungu, nami sikuona jina jingine linaloitosha.

"Dada, kanyaga nilipokanyaga mimi."

Nikainama. Katikati ya nyasi zilizolowa ukungu palisimama okidi ya rangi ya waridi, fupi kuliko goti langu. Kila kiua kilikuwa na vijimkia viwili nyuma, vyembamba kama sindano. Nilikaa pale hadi suruali ikalowa magotini. Kijana akanieleza kilichomo ardhini: viazi viwili, kimoja kinalisha ua la mwaka huu, cha pili ni akiba ya mwakani. Mchimbaji huondoka na vyote. Viazi hivyo huvushwa hadi Zambia, vikatwangwa na kupikwa pamoja na karanga, ndiyo chikanda. Simlaumu mwenye njaa ya ada ya shule, lakini okidi haioti kama mahindi. Mbegu yake ni laini kama vumbi, na bila kuvu wake maalumu udongoni haichipui.

Tulipotoka nje ya mpaka, kando ya njia, tukakuta shimo la kina cha kiganja. Shina lilikuwa limetupwa pembeni, maua bado mabichi, chini kumekatwa. Kijana akalisimamisha shimoni, akaanza kurudishia udongo kwa mikono.

Nikamwuliza kama litashika. Akatikisa kichwa, akaendelea kufukia.