Klipu ya nabii kwenye kundi la jumuiya

Kundi letu la WhatsApp la jumuiya halilali. Alfajiri tafakari, saa nne klipu ya nabii anayeuza mafuta ya upako, jioni binti wa watu anasemwa kwa sababu ya misuko yake. (Misuko, jamani!)

Wapo wanaosema mwenye upendo hunyamaza. Mimi nasoma Wafilipi 1:9: Paulo, akiwa kifungoni, anaomba pendo lao lizidi “katika hekima na ufahamu wote”. Hatenganishi upendo na ufahamu.

Kwa hiyo klipu ile sikuijibu mbele ya watu. Nilimpigia shangazi aliyeituma, nikaanza na shikamoo, tukabishana mpaka salio likakata. Mafuta ameacha kuagiza. Klipu za nabii bado anazitazama, na Jumapili tunaenda ibadani pamoja.