Chemko halichemki

Mwezi wa tano nilimpelekea mama flashi huko Nansio, imejaa nyimbo zote za dansi alizoziacha marehemu baba. Siku ya pili akanipigia. "Mwanangu, nyimbo ni zenyewe, lakini chemko halichemki. Gitaa linaingia kama limekatazwa." Chemko ni ile sehemu ya wimbo wa dansi magitaa yanapopamba moto.

Nikaisikiliza nakala yangu hapa Kirumba kwa hedifoni. Kweli kabisa.

Redio ya mama inasoma MP3 tu, na nyimbo za baba zilikuwa faili za kila aina: WMA zilizonakiliwa kutoka kwenye CD na duka moja mjini, FLAC nilizotoa mwenyewe, na WAV za kanda, ambazo saa moja tu inakula zaidi ya MB 600. Sauti nazo hazilingani. Wimbo mmoja unanong'ona, unaofuata unapasua spika, na mama magoti yanamsumbua, hawezi kuinuka kila mara. Basi nikaiachia ffmpeg, programu ya kompyuta ya kubadilisha faili za sauti, izigeuze zote kuwa MP3 usiku kucha, na kusawazisha sauti kwa chujio lake la loudnorm.

Kosa lilikuwa hapo. Loudnorm hupima sauti kwa LUFS, yaani jinsi sikio linavyousikia ukubwa wake. Ukiiendesha mara moja tu, haijui mbele kuna nini, kwa hiyo inapandisha na kushusha wimbo ukiwa unaendelea. Mwimbaji anaposimulia taratibu, inampandisha pamoja na ule mvumo wa kanda. Magitaa yakiingia kwa pamoja, inayabana. Na muziki wa dansi umejengwa juu ya tofauti hiyo hiyo! Ukiisawazisha, umeua wimbo.

Nimerudia yote kutoka kwenye faili za asili, si kutoka kwenye MP3 zilizoharibika. Safari hii mara mbili kwa kila wimbo: kwanza kupima tu, kisha kuirudishia vipimo vile pamoja na linear=true, ili wimbo mzima upande au ushuke kwa kiasi kimoja. Lengo la ukubwa wa sauti nimeweka LUFS -18. Ukilipandisha sana, vilele vya sauti vinakosa nafasi na programu inarudi kimya kimya kwenye mtindo wa kwanza. LRA nayo, yaani kipimo cha tofauti kati ya sehemu za taratibu na za nguvu za wimbo, nimeipeleka 20, maana isipoguswa inabaki 7, na wimbo wenye chemko la kweli unaweza kupita hapo. Mwishoni, katika taarifa inayotolewa na programu, soma mstari wa Normalization Type. Ukiona Dynamic, yaani ule mtindo wa kwanza, wimbo huo urudie.

(Wewe mwenye MP3 peke yake usibadilishe aina ya faili. Tumia programu ya mp3gain: inasogeza sauti kwa hatua za desibeli 1.5 bila kukandamiza faili upya, na unaweza kuirudisha ilivyokuwa.)

Flashi ya pili ilikwenda na shangazi. Mama akapiga jioni ileile, chemko likisikika nyuma yake. Amefurahi, ila ana swali: "Baba yako yuko wapi?"

Baba alikuwa akirekodi kwa kuweka rekoda mbele ya spika ya redio. Mwisho wa upande A wa kanda moja, wimbo ukishaisha, anasikika kwa mbali akisema, "Haya, geuza." Ile kazi yangu mbovu ya kwanza ilikuwa imempandisha mpaka mama akamsikia. Hii nzuri imemrudisha mbali, alikokuwa.

Nimekikata kipande hicho, sekunde nne, nikakipandisha peke yake, na mvumo wake wote. Nimekipa namba 001 ili kianze kila anapowasha redio.